Insha ya kuomba chuo: waonyeshe unavyofikiri

Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yakitoka, Kabondo nzima hapa Kisangani inajua kabla ya jua kuzama. Poda nyeupe inamwagwa vichwani, nyimbo zinapita barabarani, na mama anayekutana na kijana aliyefaulu anampongeza hata kama hamfahamu. Wiki haijaisha, swali linaingia nyumbani: sasa mtoto aende wapi?

Kwa wengi jibu liko karibu. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanza mwaka 1963 kwa jina la Université Libre du Congo, kinatazama kwanza diploma na asilimia. Lakini kila mwaka wapo vijana wanaotaka kujaribu mbali zaidi. Mmoja anaomba ufadhili wa Mastercard Foundation ili asome Makerere. Mwingine anaomba chuo cha Marekani kupitia Common App, au cha Uingereza kupitia UCAS. Kaka zao waliokwisha kupata digrii na kufanya kazi saa 2,800 wanaomba ufadhili wa Chevening wa kusoma Uingereza. Wote wanakutana na kitu ambacho shule zetu hazikuwafundisha: nafasi tupu kwenye fomu, na agizo la kuijaza kwa maneno yako mwenyewe, juu yako mwenyewe.

Nimesoma rasimu nyingi za vijana wa mtaa huu. Wengi wana akili kuliko insha walizoandika, na hilo ndilo linaloniuma. Kijana anayeweza kukueleza kwa mdomo, hatua kwa hatua, jinsi alivyoitengeneza redio iliyokufa, akishika kalamu anaandika kwamba elimu ni ufunguo wa maisha.

Tuanze na anayekusoma. Ameketi mbali, na mbele yake kuna rundo la maombi. Alama zako anazo tayari, na barua za walimu wako anazo. Asichokijua ni namna unavyofikiri ukikutana na jambo gumu: unatazama nini kwanza, unajaribu nini, ukishindwa unafanyaje, unabadili mawazo kwa sababu gani. Insha imewekwa ili aone hayo. Nafasi yenyewe ni ndogo. Insha kuu ya Common App ina maneno kati ya 250 na 650, yaani ukurasa mmoja na kidogo. UCAS, kuanzia kwa wanaoingia chuo mwaka 2026, imeacha ule mtindo wa maelezo marefu yasiyo na vichwa. Sasa kuna maswali matatu, na majibu yote kwa pamoja yasizidi herufi 4,000, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Humo hakuna mahali pa kusimulia maisha yote tangu kuzaliwa. Mdogo wangu, chagua jambo moja.

Kabla ya kuchagua, kuna mazoea mawili ya kuweka kando. La kwanza ni disertasyo ya Exetat. Ile disertasyo ya Kifaransa tunayoifanya kabla ya siku nne za mitihani ya kuchagua majibu imetufundisha utangulizi, hoja, hoja pinzani na hitimisho. Ni mafunzo mazuri kwa kazi yake. Lakini disertasyo inakutaka uzungumzie dunia huku wewe mwenyewe umejificha, na insha ya maombi inakutaka utoke mafichoni. Ukianza na “Katika dunia ya leo, elimu ina umuhimu mkubwa”, umeshatumia mstari wa kwanza kumweleza msomaji jambo analolijua kuliko wewe.

La pili ni barua ya ofisini. Tumezoea kumwandikia mkuu kwa kunyenyekea: nina heshima kubwa ya kuja mbele ya wema wenu mkuu, nikitumaini kwamba ombi langu litapata masikio yenu, na kadhalika. Kwa burgumesta barua hiyo inafaa. Katika insha ya maneno 650 salamu hizo zinakula maneno 60 na hazisemi lolote juu yako. Adabu itaonekana kwa ukweli na usafi wa maandishi. Msomaji hatakuona mkosefu wa heshima kwa kuanza moja kwa moja na ulichotaka kusema.

Sasa niseme jambo zito zaidi. Rasimu nyingi za Kisangani zinaanza na vita. Vita vya Siku Sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yakipigana ndani ya mji wetu, viliacha maiti na makovu ambayo hakuna mtu wa hapa atakayeyadharau. Lakini kijana anayemaliza sekondari leo alizaliwa miaka kadhaa baadaye. Anaandika kana kwamba alilala chini ya kitanda makombora yakipita. Aliyelala chini ya kitanda ni mama yake. Kijana anakopa maumivu ya mama kwa kuamini kwamba mgeni wa mbali hawezi kumsikiliza Mkongo asipomwonea huruma kwanza.

Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo fidia ya vita ya dola milioni 325, na FRIVAO, mfuko wa kuwafidia waathirika, uko hapa hapa Kisangani. Familia nyingi zimekusanya karatasi zao. Faili la fidia lina kazi yake halali: linahesabu kilichopotea, na kadiri hasara ilivyo kubwa ndivyo dai linavyokuwa na uzito. Insha ya chuo haihesabiwi hivyo. Anayekusoma anaweza kulia juu ya ukurasa wako na bado asikuchague, kwa sababu mwisho wa ukurasa hajaona ungekuwa mwanafunzi wa namna gani darasani kwake.

Je, mtu aliyeumia kweli anyamaze? Hapana. Machafuko kati ya jamii za Wambole na Walengola yaliyoanza Lubunga, ng’ambo ya mto, mwaka 2023 yaliwang’oa watu makwao, na wapo vijana waliovuka mto wakiwa na nguo za mwilini tu. Wakitaka kuyaandika, ni haki yao, na wasiotaka hawadaiwi maelezo na mtu. Ninachowashauri wanaoandika ni mgawanyo: msiba upewe mistari michache, iliyo wazi, bila kupambwa; nafasi iliyobaki ipewe ulichokifanya wewe baadaye. Hata vita vya mwaka 2000 vinaweza kuingia kwa mlango wa haki. Tuseme ulimsaidia bibi kuandaa faili lake, ukagundua kwamba jina lake kwenye kadi ya uchaguzi halilingani na lile la kwenye hati ya kifo cha babu, ukazunguka kutafuta nani anaweza kulisahihisha, ukajifunza jinsi karatasi moja inavyoweza kumfuta mtu. Hiyo ni hadithi yako. Umeifanya wewe, umeitafakari wewe, na kama unaomba kusoma sheria, hakuna utangulizi bora zaidi.

Kuna mtego wa upande wa pili, na mji huu unaufahamu tangu zamani. Wakati ukiitwa Stanleyville, karani mmoja wa posta, Patrice Lumumba, aliomba ile immatriculation ambayo Wabelgiji waliwapa Wakongo wachache waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Mara ya kwanza alikataliwa. Aliipata mwaka 1954. Waombaji wa wakati ule walikaguliwa mpaka nyumbani: meza yao ikoje, wanakula kwa uma na kisu, wanaishije na wake zao. Waliulizwa, kwa maneno mengi au machache, wanafanana na Mzungu kiasi gani.

Ninaiona hofu ile ile katika insha za leo. Kijana wa Kabondo anaandika kwamba kitabu kilichobadili maisha yake ni cha Shakespeare, ambacho hajakisoma. Anachomeka maneno ya Mandela na Einstein yaliyookotwa kwenye simu. Anaificha kazi ya kuendesha toleka (baiskeli ya abiria) aliyoifanya likizo tatu mfululizo kwa sababu anaona ni aibu, halafu anajisifu kwa klabu ya mijadala aliyohudhuria mara mbili. Tume ya kukagua uma haipo tena. Mtu aliyebeba abiria kwa baiskeli, akajua barabara ipi inageuka tope mvua ikinyesha na bei ipi mteja wa saa kumi na mbili asubuhi anaikubali, ana jambo la kusema kuhusu uchumi, barabara au binadamu. Aliseme.

Nikuonyeshe kwa mfano niliouunda mwenyewe. Kijana anaomba kusoma uhandisi wa umeme. Rasimu yake ya kwanza inaanza hivi:

“Tangu utotoni nina ndoto ya kuwa mhandisi ili nisaidie nchi yangu, ambayo ni tajiri kwa mali asili lakini wananchi wake ni maskini. Katika mji wetu umeme ni tatizo kubwa. Kupitia elimu bora nitaleta mabadiliko na maendeleo kwa jamii yangu.”

Hakuna uongo hapa, na ndiyo maana ni vigumu kumshawishi mwandishi aifute. Lakini ondoa jina lake, weka la kijana wa Bukavu, Mbandaka au Tabora: hakuna neno litakalohitaji kubadilishwa. Msomaji akimaliza hajui hata kama mwandishi amewahi kugusa waya. Sasa kijana huyo huyo akiulizwa, polepole, umeme umekuhusu lini wewe binafsi, anasimulia kuhusu kibanda cha mjomba wake cha kuchajia simu. Anaandika upya:

“Betri ya gari tuliyoinunua ikiwa imetumika ilichaji simu 11 siku ya kwanza. Baada ya wiki tatu ilichaji 6. Mjomba alisema tumeuziwa betri mbovu. Mimi nilianza kuandika kila jioni idadi ya simu, hali ya jua na saa tuliyofunga. Niliona kwamba kila tulipoiacha betri iishe kabisa, siku zilizofuata ilichaji pungufu. Nilimwomba mjomba tufunge mapema. Alikataa wiki nzima, maana wateja wengi huja jioni. Tulipokubaliana, betri ilitulia kwenye simu 8, ila haikurudi 11. Najua sasa kwamba kuimaliza betri kunaiharibu. Kwa nini uharibifu ule haurudi nyuma, sijui bado, na daftari langu haliwezi kunijibu.”

Tazama kilichomo. Tatizo la umeme wa mji limo, ingawa halikutajwa. Kibanda cha kuchajia simu kisingekuwepo pasipo kukatika kwa umeme. Umaskini umo ndani ya betri iliyotumika. Uhandisi umo: ameona, amepima, amekisia, amejaribu, amepata jibu nusu. Na ubinadamu umo katika mjomba anayekataa kwa sababu ya maana, pia katika kijana ambaye ilimbidi amshawishi mkubwa wake bila kumvunjia heshima. Sentensi ya mwisho inafanya kazi kubwa kuliko zote. Inamwonyesha msomaji mahali ambapo elimu ya kijana huyu imekwama, na kwa nini anahitaji chuo. Hakusema ana kiu ya kujifunza, lakini msomaji ameiona.

Tena kinyume na wanavyodhani wengi, yeye hakushinda. Betri haikupona. Vijana wananiambia, “Lakini mimi sina mafanikio ya kuandika.” Kombe halihitajiki. Jambo ulilolifuatilia kwa makini likakupa jibu pungufu lina thamani kuliko ushindi uliokuja wenyewe.

Kama hujui jambo lako ni lipi, usianze kuandika. Waulize watu wa nyumbani wanakuita kwa kazi gani. Huenda ni wewe unayetunza daftari la likelemba la mama na wenzake, na mwaka jana mmoja alipokea zamu yake akaacha kuchanga, ikabidi mtafute njia ya kuokoa kikundi bila kumwaibisha. Labda ndiwe unayefasiri kati ya bibi asemaye Kitopoke na muuguzi asemaye Kifaransa, ukaona dawa inavyoweza kunywewa vibaya kwa sababu ya sentensi moja. Au unapanga sauti za kwaya. Andika orodha ya mambo kama hayo, hata yanayoonekana ya kijinga, iache siku mbili, kisha urudi utazame lipi bado linakusumbua. Hilo linalokusumbua ndilo la kuchagua.

Halafu lisimulie kwa mdomo. Hapa nina msimamo: usianze kwa Kifaransa wala Kiingereza. Anza kwa Kiswahili chetu cha Kisangani, au kwa Lingala kama ndiyo lugha ya nyumbani, ukimsimulia dada au rafiki asiyelijua jambo lenyewe. Atakukatiza: “Ngoja, mjomba alikataa kwa nini?” Pale anapokukatiza ndipo insha inapohitaji sentensi. Kama simu yako inarekodi sauti, jirekodi. Ukishaandika mifupa ya hadithi kwa lugha unayoiwaza, ndipo uihamishie kwenye lugha ya maombi, kwa sentensi fupi unazozimudu. Kiingereza chepesi kilicho sahihi kinatosha. Maneno makubwa ya kutafuta kwenye kamusi yanafanya mahojiano yawe hatari, kwa sababu utakayekuwa umemuumba kwenye karatasi hutaweza kumwigiza ana kwa ana.

Kuhusu programu za akili bandia, nawasihi. UCAS humtaka mwombaji athibitishe kwamba maelezo ni yake mwenyewe, na kunakili kutoka kwenye mashine huhesabiwa kuwa udanganyifu. Hata pasipo sheria hiyo, mashine haijui kuhusu betri ya mjomba wako. Itakurudishia rasimu ya kwanza, ile ya ndoto na maendeleo, ikiwa imepigwa pasi. Itumie kukueleza swali usilolielewa au kuonyesha kosa la sarufi, basi.

Swali linalowashinda wengi ni hili: kwa nini chuo hiki, kwa nini somo hili? Sifa za jumla hazisaidii. Chuo kinajua kwamba kina jina. Onyesha kwamba unajua unachokwenda kukifuata na unatokea wapi. Mtoto wa Kisangani anayeomba kusoma misitu au tabianchi, kwa mfano, amezaliwa jirani na hazina. Yangambi iko kiasi cha kilomita 100 kutoka hapa tukishuka na mto. Kuna kituo cha utafiti cha tangu enzi za INEAC, taasisi ya kikoloni ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933, kuna hifadhi kubwa ya mimea iliyokaushwa, maabara ya kuchunguza mbao, na tangu mwaka 2020 mnara wa mita 55 unaopima jinsi msitu unavyobadilishana kaboni na hewa. Chuo Kikuu cha Kisangani chenyewe kina kituo cha kufuatilia bioanuwai. Nimesoma insha za misitu kutoka mji huu zilizotaja Amazon na kuiacha Yangambi. Mwombaji akieleza kwamba anataka kujifunza mbinu fulani huko anakokwenda ili aweze kusoma takwimu za mnara ule, msomaji anaona njia ya kwenda na kurudi. Ahadi ya “nitarudi kuisaidia nchi yangu” ikiwa peke yake ni maneno tu, kwa sababu kila mwombaji ameitoa.

Mengine ni ya kiutendaji. Common App hufunguliwa tarehe 1 Agosti, na vyuo vingi hufunga mwanzoni mwa Januari. Oxford na Cambridge hufunga katikati ya Oktoba. Usisubiri Exetat ipite ndipo uanze kutafuta jambo la kuandika. Andika kwenye karatasi au kwenye simu bila intaneti, ununue mega siku ya kubandika tu, na usiwe usiku wa mwisho: umeme ukikatika, tarehe haitasogezwa kwa ajili yako. Walimu wanaokuandikia barua wape wiki kadhaa, pamoja na nakala ya insha yako ili wasirudie yale yale. Vyuo vya Marekani huweza kudai ada ya maombi, lakini fomu yenyewe ina mahali pa kuomba usamehewe. Mtu anayekuambia umlipe dola ili “insha yako ipite” hana mlango wowote anaoufungua. Wazazi, msiuze kiwanja kwa ajili ya mtu huyo.

Ukimaliza, wape watu wawili waisome. Mmoja awe anayejua lugha, akurekebishie makosa. Mwingine awe anayekujua wewe, na umuulize swali moja tu: huyu ni mimi? Akisita, rudi mezani.

Nanyi walimu wa Kifaransa na Kiingereza wa Kabondo, na ninyi mliotangulia mkiwa Kampala, Kigali, Brussels au Montreal: vijana hawa hawana mtu wa kuwasomea. Mwaka huu pokeeni rasimu ya mtoto mmoja wa mtaani kwenu, hata kwa ujumbe wa simu. Isomeni hadi mwisho, kisha mwambieni ni wapi mlitaka kusikia zaidi.